Kibuyu Kilichokuwa Nyuma ya Kiti

Nimerudi salama, na nimechoka kujibu. Tangu Jumatatu nashika mkasi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, huyu nampa kipande na yule nampa kipande, mpaka sare za watoto wa watu nimezikata vibaya mara mbili. Kwa hivyo naandika yote hapa mara moja, nyinyi wa kwaya msome, kisha mniache nishone.

Kwa wale ambao hamjamwona, Mwalimu Kirwa ni mtu wa Soy, mstaafu, alifundisha hesabu karibu maisha yake yote. Mke wake alimwacha, akaolewa Nakuru. Tulijuana mwaka jana alipoleta suruali tatu nizipunguze kiuno, akarudi na nyingine mbili ambazo hazikuwa na shida yoyote. Mimi mnanijua. Baba Kiprop aliondoka baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, na miaka mitatu ya mwisho alikuwa na nyumba nyingine upande wa Chepkoilel. Soko zima lilijua. Mimi nilikuwa napiga pasi mashati. Siku aliyoondoka hakuchukua redio wala godoro. Alichukua kibuyu chake cha maziwa, na hapo ndipo nilipojua harudi.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba hakuna kitu kitapita mbele yangu tena bila kukiona. Kiapo hicho ndicho kilichonitesa njia nzima, mjue mapema.

Mwalimu aliniambia hivi tu: twende Lodwar, kuna watu nataka wakuone. Nilijua binti yake Jelagat ni muuguzi huko na ameolewa huko. Katika umri wetu mwanaume akikupeleka kwa watoto wake, hakupeleki kutembea. Wakinikubali, wazee wake wangeenda kwa ndugu zangu. Wasiponikubali, ningebaki na mashine yangu ya kushona. Nilivaa lile rinda la kijani.

Eldoret hadi Kitale

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na pikapu yake, baridi ile ya kwetu ya kukata masikio. Tulipopita Soy nilitaka kuweka koti nyuma ya kiti. Mkono ukagusa kitu kigumu kimefungwa kwa sweta. Nikafunua kidogo. Kilikuwa kibuyu, kimejaa, kifuniko cha ngozi kimeshonwa shanga nyekundu na nyeupe. Hata kabla sijakitoa vizuri, harufu ya mkaa wa mti wa senetwet ilinijia puani.

Nyinyi mliozaliwa kwetu mmeshaelewa. Wengine niwaeleze. Mursik, maziwa yetu ya kuganda, haijitengenezi. Kibuyu kinaoshwa, kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, kwa kijiti chake chenye ncha ya nyuzi, polepole, kisha maziwa yanatiwa na kungojwa siku kadhaa. Hiyo ni kazi ya mwanamke, na hamfanyii mwanaume wa mtu mwingine. Mwanaume wa kwetu anaweza kupika chai, anaweza hata kufua, lakini kushika kile kijiti hashiki. Kwa hivyo ukiona mwanaume aliyeachwa miaka sita ana kibuyu kilichotunzwa, huhitaji kuambiwa. Kuna mkono wa mwanamke ndani yake.

Mkono huo haukuwa wangu. Vibuyu vyangu niliviweka darini mwaka ule, na Mwalimu hajawahi kuniomba nivitoe.

Nilikifunika tena nikakaa wima. Kuuliza ilikuwa rahisi, najua. Lakini nilikumbuka jinsi Baba Kiprop alivyokuwa akinijibu nikiuliza, majibu matamu, yaliyopangwa vizuri kama mtu anayesoma. Nikasema mara hii siulizi, mara hii natazama.

Moi's Bridge alininunulia mahindi ya kuchoma, akayapaka ndimu na pilipili mwenyewe kwa sababu anajua napenda yakiwa makali. Nilikula bila kushukuru. Kitale tulisimama aongeze upepo kwenye magurudumu, simu yake ikalia, akasogea kando. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia maneno mawili matatu: "Nimebeba. Imeiva vizuri. Wewe pumzika tu." Sauti yenyewe ilikuwa ya chini, ya upole, ile ambayo nilidhani ananisemesha nayo mimi peke yangu.

Aliporudi aliniuliza kama nina baridi. Nilimwambia nina joto, na haukuwa uongo.

Kitale hadi Marich

Kutoka Makutano barabara inateremka, inajipinda, na milima inakusimamia pande zote mbili. Watu husimamisha magari kupiga picha. Mwalimu alikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyefunga shule, ananionyesha mapango, ananionyesha mto chini, ananieleza nani alichimba mfereji gani. Mimi nilikuwa nahesabu. Kibuyu, moja. Simu, mbili. Suruali mpya ambayo sikuishona mimi, tatu.

Ortum tulikuta wanawake wanauza asali kandokando ya barabara. Mmoja alimjua, akamwita Mwalimu kabla gari halijasimama, wakacheka habari ya mbuzi wa mtu fulani. Alikuwa mama wa miaka sabini asiye na meno ya mbele. Naona aibu kuwaambia kwamba hata huyo nilimchunguza mikono kama ina weusi wa mkaa.

Akanunua chupa mbili za asali. Akanipa moja mapajani. "Hii ni yako," akasema. "Ile ni ya Lodwar."

Sasa niambieni, ningefikiri nini? Binti yake ana jina. Kama ni ya Jelagat, si aseme ni ya Jelagat? Lakini Lodwar, hivyo tu, kama mtu anayekwepa kutaja jina. Nilianza kumwona huyo mwanamke. Nilimpa nyumba, nikampa pazia, nikampa miaka thelathini na tano na kiuno. Tulipofika Marich nilikuwa nimeshamjua kiasi kwamba ningemtambua barabarani.

Maji ya laga

Baada ya Kainuk nchi inakuwa tambarare na joto linakukalia juu ya kifua. Huko mito ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, wanaiita laga, mpaka mvua inyeshe mlimani ambako wewe huioni. Siku hiyo ilikuwa imenyesha. Tulikuta magari kama ishirini yamepanga foleni, na mbele maji mekundu yanapita na vigogo vya miti. Wakasema ni kungoja. Saa mbili, au saa sita, hakuna aliyejua. Mwalimu akakunja suruali akateremka na madereva wengine kwenda kutazama maji, kana kwamba maji yakitazamwa na wanaume yanapungua upesi.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la mizigo, na kutoka humo akashuka mama mmoja Msomali, akatandika mkeka kivulini na kuniita kwa mkono. Jina lake Hawa. Kumbe ana duka la vitambaa Eldoret, si mbali na kwangu, nimewahi hata kununua bitana kwake nikihudumiwa na mdogo wake. Tulishangaana kidogo kwamba tumekuja kujuana jangwani. Akatoa anjera, ile mikate yao laini, kwenye bakuli na chai ya tangawizi na iliki kutoka kwenye chupa. Nilikuwa na njaa kuliko nilivyodhani. Alinigawia hata kile kipande cha mwisho, na mimi sikuwa na kitu cha kumrudishia.

Au nilikuwa nacho. Ndiyo, hapo ndipo nilipofanya.

Nilirudi kwenye pikapu, nikakitoa kibuyu kwenye sweta, nikakileta mkekani. Nilimwambia Hawa tuonje maziwa ya kwetu. Nilijiambia ni ukarimu. Lakini nilifungua kifuniko nikiangalia kama Mwalimu bado yuko majini, na ukarimu hauangalii nyuma.

Hawa alinusa, akaitikia kwa kichwa. Kwao pia wanafukiza vyombo vya maziwa, aliniambia, hizi si habari ngeni. Akanywa, akatulia, akaonja tena kama anavyopima kitambaa kwa vidole.

"Nzuri," akasema. "Lakini mkaa umezidi. Aliyetengeneza bado anajifunza. Ni kijana?"

Kijana. Jamani.  Miaka thelathini na tano niliyompa yule mwanamke nikaipunguza papo hapo ikawa ishirini na minane. Anajifunza kumtunzia kibuyu, na yeye Mwalimu anambembeleza kwa simu kwamba imeiva vizuri! Niliita mama wawili waliokuwa wameketi na watoto chini ya mgunga, nikaita na wazee waliokuwa wanangoja kuvuka kwa miguu. Nikamimina. Kila mtu alipata kikombe, wengine vikombe viwili. Mzee mmoja alinibariki. Nilikung'uta mpaka tone la mwisho, nikajisikia vizuri kwa muda wa kama dakika kumi.

Mwalimu alirudi na matope hadi magotini, akasema maji yameanza kushuka. Aliona kibuyu mkekani. Alikiinua, na kwa uzito tu akajua.

"Tulikuwa na wageni," nikasema. "Nimewapa."

"Yote?"

"Yote."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka akasirike, ataje jina, nimshike. Hakutaja. Alimsalimia Hawa kwa heshima, akaulizia safari yake, akafunga kifuniko taratibu, akakizungushia sweta upya kana kwamba bado kuna kitu cha kumwagika. Tukavuka. Kutoka hapo hadi Lodwar, saa tatu nzima, aliniambia neno moja, nalo lilikuwa "shika", tulipoingia kwenye shimo.

Lodwar

Tulifika jua likiwa bado kali. Jelagat alitutokea mlangoni akitembea polepole, kanga kiunoni, na begani kwake kitambaa cha kutapikia mtoto. Ndani, kitandani, chini ya chandarua, kililala kitoto cha wiki mbili, cha kike, ngumi zimefungwa.

Hao ndio watu aliotaka wanione. Mwalimu hakuniambia kwa sababu kwetu mwanaume hatangazi tangazi mambo ya uzazi wa bintiye, na pia kwa sababu alitaka kuona uso wangu. Baadaye alinieleza hivyo. Wakati ule uso wangu haukuwa wa kuonwa na mtu.

Jelagat alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita Mama bila kusitasita, kisha akamgeukia baba yake kama mtoto siku ya sikukuu. "Umeileta?"

Mwalimu akakiweka kibuyu mezani. "Ilimwagika njiani," akasema. "Laga ilikuwa mbaya."

Yule binti alikaza uso ili asionyeshe, na akashindwa. Mama akijifungua kwetu, mama yake ndiye humletea maziwa ya kibuyu ya kumrudishia nguvu. Jelagat na mama yake hawaongei. Jioni, Mwalimu akiwa nje na mkwewe, binti alinieleza mwenyewe huku akinyonyesha. Baba yake alianza kujifunza tangu alipoambiwa kwamba bintiye ana ujauzito. Alijifungia jikoni Soy, madirisha yamefungwa jirani wasione mwanaume ameshika kijiti. Kibuyu cha kwanza kilinuka vibaya akakitupa. Cha pili alikipasua kwa kutia kaa la moto. Alikuwa anampigia binti yake simu kuuliza mambo ambayo binti mwenyewe hakuyajua vizuri, wanabahatisha wote wawili. Hiki kilikuwa cha kwanza kufaulu.

Tulikula samaki wa ziwani, mkubwa, mtamu, mifupa michache. Sikusikia ladha. Nililala chumba cha wageni na feni ikizunguka, nikifikiria jinsi yule mzee wa laga alivyonibariki.

Asubuhi, chai ikiwa mezani na wote wawili wamekaa, nilisema. Sikutafuta njia nzuri.

"Haikumwagika. Niliwapa watu wa njiani, kusudi, kwa sababu nilidhani kuna mwanamke anakutengenezea."

 Mwalimu alinyanyuka, akaenda nje kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na shida. Jelagat alibaki anamtikisa mtoto. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka, hata kwa miguu.

"Mama alipoanza kupotea potea," akasema, "Baba hakumwuliza. Hata siku moja. Aliona kila kitu akanyamaza. Na wewe pia hauulizi. Sasa nyinyi wawili mtakaa aje?"

 Nilimwomba msamaha, akasema sawa, lakini ilikuwa ile sawa ya muuguzi, ya kumtuliza mgonjwa. Kisha akanipa mtoto nimshike wakati anaoga. Hilo nimelishika moyoni kuliko sawa yenyewe.

Kurudi, hadi Makutano

Siku mbili baadaye tuliondoka. Laga ilikuwa imekauka kabisa, mchanga mtupu, mbuzi wanapita kama hakuna lililotokea. Mwalimu aliendesha kimya mpaka Kainuk, akaendesha kimya mpaka Marich. Tulipoanza kupanda mlima akasema, bila kugeuka, kwamba hajui kama anaweza kuishi na mtu anayemwaga kwanza. Nikamwambia hata mimi sijui kama naweza kuishi na mtu anayeambiwa yote yamekwisha naye anafunga kifuniko.

 Kisha akauliza. Aliuliza nilijua lini kuhusu Baba Kiprop. Jamani, miaka minne yote, ndugu, wazee, mchungaji, hata nyinyi, mmeniambia nivumilie na nisahau, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Jibu lake lilichukua mlima mzima. Nililia mahali pengine, mahali pengine nilicheka. Alipunguza mwendo ili barabara isiishe.

Nilipomaliza nikaona ni zamu yangu. Nikamwuliza kama kuna mwanamke yeyote ambaye sijui habari zake.

"Yuko mmoja hapa mbele, Makutano," akasema. "Nilifundisha hapo muhula mmoja mwaka juzi, kabla sijastaafu. Nilimtaka, akakataa. Ana hoteli."

Aliulizwa akajibu, kama nilivyotaka. Na papo hapo nikaanza kumpa na huyo pazia na kiuno, siwadanganyi. Ni tofauti gani basi, kujua na kutojua? Tofauti ni kwamba nilimwambia, "Basi tule hapo."

Hoteli ni ndogo, safi, meza zimepakwa rangi ya samawati. Mama Selina ni mjane, umri wangu, mpana kidogo, anacheka kwa macho. Hakuwa na miaka ishirini na minane. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo, maana huyu nilimpenda mara moja. Mwalimu alisalimia, akaagiza ugali, mbuzi na mboga za sagaa, akatoka nje kunawa. Mama Selina akabaki anapanga vikombe, akaniuliza mimi ni nani wa Mwalimu.

Nikamwambia. Na kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimejifunza kuuliza na sikujua pa kukomea, nikamwuliza kwa nini alimkataa.

Alisimama na kikombe mkononi. "Mimi? Nilimkataa lini?"

Nikamwambia mwaka juzi.

"Alikuwa anakuja hapa kila jioni," akasema polepole. "Chai moja. Anauliza kama mvua imenyesha. Halafu siku moja akaniuliza kama nimewahi kuona Soy. Nikamwambia siku ya soko siwezi kufunga hoteli. Hakurudi tena. Nilifikiri ni chai yangu." Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Hiyo ndiyo ilikuwa kuniuliza?"

 Alifuta mpaka ukingoni, akarudi katikati.

"Na wewe alikuambia aje?"

"Aliniambia twende Lodwar," nikasema. "Nikafunga duka."

Aliitikia kwa kichwa akaenda jikoni. Mwalimu akarudi na mikono inadondosha maji, akaketi mbele yangu, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia darasa. Mama Selina alikuwa anaweka sahani mezani wakati Mwalimu aliposema, kwa sauti ya kusikika hata barabarani:

"Kaka zako wanapatikana siku gani? Nataka kutuma wazee."

Safari hii aliuliza vizuri, kila neno mahali pake. Ile sahani ya nyama ilisita kidogo hewani, kisha ikatua mbele yangu, na nikaona kwamba Mama Selina amenipa mimi kipande kizuri zaidi. Nikasema Jumamosi. Miaka minne mizima nilikuwa nikiomba siku moja tu mwanamke mwingine anionee wivu, nijue ladha yake. Sasa nilikuwa nayo mdomoni, na nilikula bila kuinua macho.